Wakala na Pikapu ya Makote

Aliuza magari, na hakujua kuendesha hata moja. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni wa Masasi aliambiwa juu yake, na mimi nilipohamishiwa pale kufundisha, niliambiwa kabla sijafungua mizigo. Nyumba yangu ilipakana na uwanja wake. Kila asubuhi nilimwona akitoka na kitambaa chenye unyevu, akifuta vumbi kwenye pikapu ya maonyesho iliyosimama chini ya kibanda cha mabati, halafu anapanda baiskeli yake kwenda sokoni.

Ukimuuliza kwa nini hakujifunza udereva, alikuwa na jibu lake. "Mwalimu, anayeendesha gari hulipenda. Na mtu akishapenda kitu haoni tena ubovu wake. Mimi kazi yangu ni kuona ubovu."

Mkewe, Mama Hadija, alikuwa na jibu jingine. Aliniambia siku moja tukichambua mboga, akicheka hadi kisu kikamtoka. Zamani mumewe alijaribu kujifunza, akagonga ukuta wa duka la nguo siku ya soko, watu wote wakitazama. Hakuumia, na ukuta ulipata ufa mdogo tu. Lakini tangu siku hiyo hakushika tena usukani, na kwa muda mrefu alizunguka njia ya nyuma asipite mbele ya duka lile.

"Baba Hadija anaweza kuvumilia njaa," alisema. "Kuchekwa hawezi."

Mji mzima tulimwita Wakala. Mawakala wa mazao na wa bima walikuwepo, lakini ukisema "Wakala" peke yake, ulikuwa unamsema yeye.

Wasiokuwepo enzi zile inabidi waelezwe. Zamani kidogo kupata gari kulitaka kibali, na kibali kilitaka kujulikana na mtu ambaye anajulikana. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni na mitumba, wanunuzi binafsi wakaanza kuja kufuata korosho, na kampuni moja ya magari ya Dar es Salaam ikaweka mawakala kila upande wa nchi. Masasi na Newala alipewa yeye. Alipewa bango la rangi, stoo ya vipuri, na fundi mmoja aliyepelekwa kufundishwa mjini.

Namna yake ya kuuza ilikuwa ya kumchosha mnunuzi. Mtu alikuja na fedha mkononi, yeye akamwagiza chai na kuanza kumhoji. Unakaa wapi? Barabara ya kwako ni mchanga au kokoto? Dereva wako ni nani, na anakunywa? Akiona majibu hayamridhishi, alimwambia arudi baada ya mavuno. Nilimsikia akimkatalia mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyetaka kubeba magogo kwa pikapu ndogo.

"Fedha yangu ina kasoro gani?" yule bwana alipayuka.

"Fedha yako ni nzuri. Gari hili ndilo halikufai. Utalivunja mgongo, halafu utakuja kusema Wakala alikuuzia mgonjwa."

Gari likishauzwa, alilisindikiza. Alikaa kiti cha abiria, ameshika kishikio juu ya mlango kwa mikono miwili kwa sababu ya woga, hadi kwa mnunuzi. Kule alishuka na kuwaambia wenyeji: gari hili limetoka kwangu, likigoma, mnajua ninapokaa. Watu walikuwa wakimpigia makofi. Nami sitadanganya, aliyapenda sana yale makofi. Alipenda kusalimiwa barabarani, alipenda kupewa nafasi ya safu ya mbele msikitini, na kanzu yake ya Ijumaa ilipigwa pasi hadi ikawa inasimama yenyewe. Alikuwa mtu mzuri aliyependa kuonekana mtu mzuri, na katika ujirani wetu wote sikuweza kujua lipi lilianza.

Mume wangu, Baba Neema, hakumpenda. Yeye alikuwa mfanyabiashara kutoka Njombe, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa, na aliamini kwamba kila mtu anayesimama kati ya mwuzaji na mnunuzi ni kupe.

"Kwa nini kampuni isituuzie wenyewe?" alikuwa akimwuliza Wakala kibarazani kwetu, bila kuficha. "Gari linashuka bandarini. Mimi nina miguu, nitalifuata. Wewe unaongeza nini hapo isipokuwa bei?"

Wakala hakukasirika. Aliweka kikombe chini. "Naongeza uso, Baba Neema. Kampuni haina uso. Gari likikufia mlimani kwenye njia ya Newala, utakwenda kumgombeza nani? Ghorofa? Mimi ukinigombeza mbele ya watu ninaona haya. Na kwa kuwa naona haya, nitakutafutia kipuri hata kama kiko kwa shetani."

"Kwa hiyo unatuuzia haya yako."

"Ndiyo. Na ni ghali."

Walicheka wote wawili. Nilikuwa nawamiminia chai na nikacheka pia.

Pikapu ya watu wa Makote ilikuja mwaka ule korosho zilipopata bei.

Makote iko upande wa Newala, juu ya uwanda, na anayejua uwanda wa Makonde anajua shida ya maji. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na chemchemi ziko chini bondeni. Wanawake walishuka alfajiri na ndoo kichwani, wakapanda jua likiwa kali. Wanakijiji walichanga fedha za korosho wapate pikapu ya kubebea mapipa. Mzee wao aliyewaongoza aliitwa Mzee Liumba, Mmakonde mrefu, mpole, asiyesema mpaka aulizwe mara ya pili. Wakala aliwahoji kama kawaida yake, akaenda hadi Makote kuitazama njia ya kushukia chemchemini, akarudi na viatu vimejaa mchanga na uso umejaa furaha.

"Mwalimu, hili ndilo gari nitakalozikwa nikilikumbuka," aliniambia uani. Lingefika na meli inayofuata.

Lilifika. Nililiona likiwa limeegeshwa pale uwanjani, jeupe, plastiki za viti hazijatolewa. Na kabla watu wa Makote hawajapata habari, akaja mkubwa mmoja wa serikali kutoka mkoani.

Mkubwa yule hakutisha mtu. Kama angetisha, nadhani Wakala angemkatalia. Alikuja na kofia mkononi, akakaa sebuleni, akala wali wa Mama Hadija na kuusifu. Alimwambia Wakala kwamba huko mkoani jina lake linatajwa kila wanapozungumza juu ya watu waaminifu wa kusini. Majirani tulikuwa tumejaa mlangoni tukisikiliza. Halafu, akiwa ananawa mikono, akasema angependa lile gari jeupe, kwani anajua halitakuwa shida.

Wakala alisema, "Lina wenyewe, mheshimiwa."

"Wenyewe nani?"

"Wanakijiji. Wa Makote."

"Aa, wanakijiji watapata linalofuata," mkubwa alisema, akatabasamu na kutugeukia sisi wa mlangoni, kana kwamba tumeshakubaliana. "Au sivyo, Wakala?"

Nilimtazama Wakala. Alitutazama sisi. Midomo yake ilisogea, na nikajua anatafuta namna ya kusema hapana ambayo haitamshusha mgeni wala yeye mwenyewe mbele yetu. Hakuipata.

"Ni sawa, mheshimiwa," alisema.

Gari likaondoka jioni ileile. Watu waliosafiri mkoani walisimulia kwamba waliliona likibeba makreti ya bia.

Wakala aliwarudishia watu wa Makote fedha yao yote, akawaahidi la meli ijayo. Lakini hakwenda mwenyewe, alimtuma fundi. Na meli ijayo haikumletea kitu, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshaanza kufikiria jambo jingine.

Jambo hilo tulielezwa ukumbini. Mkuu wa mauzo alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye heshima, na akazungumza vizuri. Alisema kampuni inafunga uwakala mikoani. Kuanzia sasa mtu yeyote mwenye fedha aje Dar es Salaam, achague gari lake uwanjani, bei ni moja kwa waziri na kwa mkulima, hakuna kumbembeleza mtu. Alisema katika miji mingine mawakala walikuwa wanaficha magari, wanawauzia shemeji zao. Baba Neema alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kisha ukumbi ukamgeukia Wakala. Alikuwa amejiandaa. Siku nzima iliyotangulia nilimwona akizunguka uwanja wake, akisema peke yake na kunyoosha kidole. Akasimama na kanzu yake ya Ijumaa, akayasema yale ya uso, ya mlima wa Newala, ya mvua zinapokata barabara ya kusini na mtu hawezi kwenda Dar es Salaam hata kwa machozi. Aliyasema vizuri kuliko alivyoyasema kibarazani kwetu. Watu wakaanza kunung'unika kumuunga mkono. Hata Baba Neema alikuna kidevu.

Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Mzee wangu, hapa kwako, gari likiwa moja na wanaolitaka ni wawili, anapata nani?"

"Aliyetangulia," Wakala alijibu haraka.

"Siku zote?"

Wakala alifungua mdomo. Ndipo nami nilipomwona Mzee Liumba. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Hakunyanyuka, hakuguna. Alikuwa anamtazama tu, kama watu wengine wote walivyokuwa wanamtazama.

"Siku zote," Wakala alisema. Alijifuta uso. "Isipokuwa mara moja."

Akasimulia. Alisimulia yote, wali, sifa, na wanakijiji wa Makote, akitazama sakafu. Jina la mkubwa hakulitaja. Alipomaliza hakusubiri kujibiwa, akaketi. Kijana yule wa kampuni alisema "ahsante, mzee," kwa upole kabisa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Nilikuwa mlangoni pale siku ya wali, nikisikiliza na wenzangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema kwamba nasi tulikuwepo.

Baada ya hapo alibadilika kwa namna ambayo asiyemjua asingeitambua. Bango aliliteremsha mwenyewe. Pikapu ya maonyesho ilirudishwa. Baba Neema aliniambia kwamba msikitini Wakala hakai tena mbele, anaswali safu ya mwisho karibu na viatu, na imamu akimwita asogee anajifanya hasikii. Baba Neema si Mwislamu, alisimuliwa dukani, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unajua. Njia ya Newala hakuipanda tena. Alipoalikwa harusi kule alisema mgongo unamuuma. Akikutana na mtu wa kutoka uwandani sokoni, alijishughulisha na baiskeli yake hadi mtu apite.

"Kama angeiba, angesahau," Mama Hadija aliniambia, safari hii bila kucheka. "Mume wangu anaumwa uso. Sijui dawa yake."

Nasi tukaenda kununua wenyewe, kama tulivyotaka. Siwezi kusema ilikuwa makosa. Mama mmoja muuza samaki, ambaye asingethubutu kuingia ofisi ya mtu kuomba, alipanda basi na kurudi na gari lake. Bei ilikuwa nafuu kweli. Hatukuwa tena watu wa kuomba, na hilo si jambo dogo kwa aliyewahi kuomba. Baba Neema naye alirudi na pikapu ya kijani, akapita mbele ya uwanja wa Wakala akipiga honi, mimi nikiwa kiti cha mbele. Wakala alikuwa anafagia. Alinyanyua mkono kutusalimu. Niliinama kana kwamba nimeangusha kitu miguuni.

Masika ile gari letu likagoma njiani kuelekea Newala, katikati ya mlima, limejaa vitambaa. Ilikuwa klachi. Kampuni ilijibu kwa simu ya posta kwamba tulilete Dar es Salaam. Barabara ilikuwa imekatika, mabasi yamelala, na hata bila mvua hakuna anayeweza kubeba gari begani. Vitambaa viliota ukungu. Mwishowe Baba Neema alivua kofia, akaingia uwanja wa jirani. Nilikuwa uani, nikasikia.

"Wakala, nina shida."

"Nimesikia. Klachi."

"Unayo?"

Nikasikia mlio wa mlango wa stoo. "Imebaki. Chukua. Fundi atakwenda nawe."

"Na wewe? Hutakuja kuangalia? Zamani ulikuwa..."

"Mimi sipandi kule," Wakala alisema. Akafunga mlango wa stoo.

Hakumkumbusha neno hata moja la kibarazani. Baba Neema alirudi na sanduku mkononi, akakaa mezani bila kuwasha taa. Kupe hakumwita tena. Lakini hakubadili msimamo pia. Alisema, na nadhani alikuwa sahihi, kwamba uso wa mtu mmoja ni kitu chembamba sana kukitegemea wilaya nzima.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa Newala kuwa mwalimu mkuu, tukauza nyumba ya Masasi. Mama Hadija alifariki, nikaenda kuzika, na pale msibani nilimwona Wakala amezeeka, macho yana ukungu. Hatukuzungumza zaidi ya pole. Ndiyo maana nilishangaa, baada ya mavuno, kumwona mlangoni kwangu Newala akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

"Shikamoo, Wakala."

"Marahaba, Mwalimu. Sina mengi. Nisindikize Makote."

"Makote kuna nini?"

"Liumba bado yuko hai. Nimeuliza." Aligeuza uso upande wa binti yake, kisha upande wangu. "Hadija yuko tayari kunipeleka, lakini yeye nikimwambia turudi atanionea huruma, tutarudi. Wewe ni mwalimu. Hutaniruhusu."

Niliazima gari la mzazi mmoja wa shule, na dereva wake. Wakala alikaa mbele akakamata kishikio kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye mikorosho ya Makote alisema, "Turudi," nami nikamwambia dereva aendelee.

Mzee Liumba alikuwa nje kwake, juu ya mkeka, akibangua korosho. Alikuwa amekonda, lakini mgongo haujapinda. Alimtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," Wakala alisema.

"Marahaba. Baba Hadija." Akasogeza maganda kupisha nafasi. "Kaa."

Wakala hakukaa. Alianza kusema akiwa amesimama, maneno aliyokuwa ameyabeba, kwamba alikosa, kwamba aliwadhulumu, kwamba kila siku ya Mungu anayakumbuka mapipa yao. Mzee Liumba alimwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia.

"Unajua siku ile nilikuja ukumbini kufanya nini?" aliuliza.

"Kunishitaki."

"Nilikuja kukuuliza lingine litafika lini. Fedha tulikuwa nazo bado. Tulisikia mambo yanabadilika, wakanituma nikuulize: kama ni kwenda Dar es Salaam, basi wewe utupeleke, kwani sisi tungedanganywa kule. Nikangoja wasemaji wamalize. Halafu wewe ukasimama ukasema uliyoyasema, nikaona aibu kukuuliza habari za gari mbele ya watu. Nikasema, atakuja mwenyewe."

Wakala aliketi, si mkekani, chini kabisa kwenye mchanga.

"Tulikusubiri," Mzee Liumba aliendelea, akiendelea kubangua. "Tulikuona unapita sokoni Masasi, ukituona unainama kwenye baiskeli. Tukasema huyu ametuchoka. Msimu wa pili korosho zikaanguka bei, fedha ikaliwa. Wanawake wakaendelea kushuka bondeni."

"Nilikuwa nawaonea haya," Wakala alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mdogo sana.

"Tulijua. Hata watoto walijua." Mzee Liumba alimtazama, na usoni mwake sikuona hasira, nilitafuta sikuiona. "Lakini haya yako haikutuchotea maji, Baba Hadija."

Mimi nilikuwa mgeni pale, na sikujua pa kuweka macho. Nikatazama maganda ya korosho. Baadaye Wakala alinyoosha mkono, akachukua korosho kutoka kwenye rundo, akaanza kubangua. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole vya asiyezoea, na yeye hakuwa amezoea. Hakuomba msamaha tena, na Mzee Liumba hakumpa maneno ya kumfariji. Walifanya kazi ile pamoja mpaka mke wa Mzee Liumba alipotuletea ugali.

Tuliporudi tulipita kwenye bomba la kijiji. Siku hizi lipo, likitoa wanachota, lisipotoa wanangoja, na siku ile walikuwa wanangoja, wanawake na ndoo zao kwenye jua. Wakala alimwambia dereva asimame. Nilidhani anataka kupumzika. Alishuka bila kunisubiri, akaenda akipapasa hadi palipo na watu, akaanza kuwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, vidole vyake vikiwa vimebabuka. Wengi walikuwa wadogo, hawakumjua. Waliitikia na kutazamana.

"Babu, wewe ni nani?" msichana mmoja akamwuliza.

"Nilikuwa wakala wa magari."

"Magari gani?"

"Moja lilikuwa la hapa," alisema, na hakuinamisha kichwa. "Halikufika."